Namna ya kusahihisha kazi za nyumbani bila kuzima hamu ya mwanafunzi

Darasa la wanafunzi 45, zoezi moja, dakika 3 kwa kila daftari: hizo ni saa 2 na dakika 15 za kusahihisha. Kesho yake madaftari yanarudi kwa wenyewe. Mwanafunzi analifungua lake, anatafuta namba iliyozungushiwa duara, anachungulia ya jirani, analifunga. Maelezo yaliyoandikwa pembeni hayajasomwa, na lile kosa bado liko kichwani mwake kama lilivyokuwa jana.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka saa hizo zizae kitu. Msimamo wetu ni kwamba kazi ya nyumbani ni mahali pa kujifunzia, na anayejifunza lazima akosee. Kwa hiyo kazi ikaguliwe yote na mwanafunzi aelezwe alipoteleza. Alama zitoke kwingine, kwenye jaribio fupi linalokuja baada ya makosa kurekebishwa.

Alama inavyolivuruga zoezi

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya utafiti wake kwa wanafunzi waliogawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maoni peke yake, la pili alama peke yake, la tatu alama na maoni kwa pamoja. Walioendelea vizuri zaidi ni wale wa maoni peke yake. Linaloshangaza walimu wengi ni kundi la tatu: halikupata faida ya maoni yale, likaishia kufanana na kundi la alama tupu. Namba ikikaa jirani na maneno, macho hufuata namba.

Sababu yake si ngumu kuiona. Alama humjibu mwanafunzi swali la "mimi ni wa ngapi?", na maoni humjibu swali la "sasa nifanye nini?" Akishajua kuwa yeye ni wa mwisho au wa kwanza, haoni tena haja ya kuuliza la pili. Kluger na DeNisi, waliokusanya tafiti nyingi za mrejesho na kuzipima kwa pamoja mwaka 1996, walikuta kwamba kwa wastani mrejesho husaidia, lakini zaidi ya theluthi ya matokeo yalionyesha utendaji ukishuka. Maelezo waliyotoa ni kwamba mrejesho unaomfanya mtu ajifikirie yeye badala ya kuifikiria kazi hupoteza nguvu yake.

Kuna na madhara mengine ambayo hayahitaji mtafiti. Zoezi lenye alama hunakiliwa. Mwanafunzi asiyeelewa ana njia mbili: aandike jibu lake la kweli apoteze alama, au aandike la mwenzake azipate. Ukimwekea hesabu hiyo kila jioni, usimlaumu akijua kuipiga.

Piga mahesabu kabla ya kuamua uzito

Chukua mfano ambapo kazi za nyumbani zinabeba asilimia 30 ya alama za muhula na mitihani asilimia 70. Mwanafunzi wa kwanza hupata 40 kwenye mitihani, lakini hunakili kazi zote, kwa hiyo huko ana 95. Jumla yake ni 28 na 28.5, yaani 56.5. Wa pili hupata 75 kwenye mitihani, ila jioni ana majukumu mazito nyumbani na kazi nyingi hazimaliziki, ana 10. Jumla yake ni 52.5 na 3, yaani 55.5. Asiyejua amempita anayejua.

Punguza uzito wa kazi za nyumbani hadi asilimia 10 na wanafunzi ni walewale: wa kwanza anapata 45.5, wa pili 68.5. Picha imekuwa ya kweli zaidi. Ushauri wetu ni uzito usiozidi 10, na pale utaratibu wa shule unaporuhusu, uwe 0.

Sifuri nayo ina hila yake. Mwanafunzi mwenye 80 mara nne na sifuri moja ya kazi ambayo hakuileta ana wastani wa 64. Hiyo 64 haisemi anajua nini. Inasema siku moja hakuleta daftari. Kazi isiyoletwa iandike kuwa haijaletwa, umfuatilie mwenyewe mpaka ailete, wala usiichanganye na kipimo cha anachokijua.

Kutunga zoezi linalofanyika

Kazi nyingi huharibika kabla ya kufika nyumbani, kwa sababu ni ndefu mno au inadai kitu ambacho hakijafundishwa. Kuhusu urefu, kipimo kinachotumika sana, na ambacho mtafiti Harris Cooper amekitetea, ni dakika 10 kwa usiku zikizidishwa kwa darasa alilopo mwanafunzi: darasa la tatu dakika 30, la sita dakika 60, masomo yote yakijumlishwa. Angalia hapo, masomo yote. Walimu watatu wakitoa kazi usiku mmoja bila kuulizana, kila mmoja ataona yake ni fupi. Cooper na wenzake walipochambua tafiti za kuanzia 1987 hadi 2003 waliona pia kwamba uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu una nguvu zaidi kwa wanafunzi wakubwa kuliko wadogo. Kwa watoto wa madarasa ya chini, basi, fupi ndiyo bora.

Lifanye zoezi mwenyewe kwa saa, kisha zidisha muda wako mara tatu au nne ndipo upate muda wa mwanafunzi wa kawaida. Kama wewe umetumia dakika 5, mtenge yeye dakika 15 hadi 20.

Maswali 6 yanatosha kwa masomo mengi: 3 ya somo la leo, 2 ya wiki iliyopita, na 1 la kufikirisha ambalo mwanafunzi anachagua kati ya mawili. Yale 2 ya nyuma yana kazi kubwa, kwa sababu kilichosomwa mara moja husahaulika haraka, na kukirudia baada ya siku kadhaa hukishikisha. Lile la kuchagua nalo si pambo. Mwanafunzi aliyechagua swali lake mwenyewe hulishika kwa mkono mwingine kabisa.

Halafu kuna jambo dogo lenye faida kubwa: toa zoezi dakika 8 kabla ya kipindi kuisha, si kengele ikilia. Kila mmoja aanze swali la kwanza hapohapo huku ukizunguka. Anayekwama utamwona sasa, wakati bado unaweza kumkwamua. Akikwama nyumbani peke yake, usiku, hataandika kitu, na kesho utamwita mvivu.

Siku ya kukagua: dakika 12 za mwanzo wa kipindi

Kabla ya yote, darasa liwe na maana moja ya neno "nimefanya". Swali limefanywa ikiwa lina jibu na njia yake, au ikiwa mwanafunzi ameandika pale alipofika na kinachomkwamisha. "Nimeshindwa" peke yake haikubaliki. "Nimefika hapa, sijui kwa nini tunagawanya" inakubaliwa, tena ni dhahabu kwa mwalimu.

Dakika 4 za kwanza, madaftari yakiwa wazi mezani, pita kati ya madawati ukiandika kwenye orodha yako herufi moja kwa kila jina: K kwa kamili, N kwa nusu, H kwa hakuna. Usisome majibu. Sekunde 5 kwa daftari zinatosha. Ukianza kusoma, dakika 12 zitakuwa 30.

Dakika 5 zinazofuata, majibu yawekwe ubaoni pamoja na njia, na kila mmoja ajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Hapa sheria ni kali: hakuna kufuta. Jibu la kwanza libaki lilivyo na sahihisho liandikwe pembeni, maana ukilifuta kosa, mwalimu hana cha kusoma na mwanafunzi hana cha kukumbuka.

Dakika 3 za mwisho, uliza ni swali gani limewashinda wengi, wanyooshe mikono, mlifanye hilo moja tu pamoja. Yaliyomshinda mmoja au wawili yamalizwe pembeni.

Kisha kusanya madaftari 9, si 45. Kwa mzunguko wa mara tano utakuwa umeyapitia yote, na kila mara umetumia dakika 36 ukiyapa dakika 4 kila moja. Dakika 4 kwa daftari ni kusoma kweli. Dakika 3 kwa kila daftari, madaftari yote 45, usiku, baada ya siku nzima ya kazi, ni kupiga tiki na mikasi tu, na kila aliyewahi kukalia rundo hilo anajua daftari la 30 halisomwi kama la 3. Usitangaze zamu ya nani inafuata.

Kuandika maoni yanayofanyiwa kazi

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo tukae kidogo na mfano mmoja. Mwanafunzi ameandika:

2/3 + 1/4 = 3/7

Njia ya kawaida ni mkasi mwekundu na "Soma tena sehemu". Haimwambii kitu, angekuwa anajua asome nini, asingekosea. Tazama alichofanya. Amejumlisha namba za juu, 2 na 1, akapata 3, akajumlisha za chini, 3 na 4, akapata 7. Huyu hajakosea kwa uzembe. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu kabisa, ila ni kanuni isiyo sahihi. Atakosea hivyohivyo kesho na keshokutwa mpaka kanuni yenyewe itikiswe.

Itikise kwa kuandika hivi: "Kujumlisha kwako namba nzima ni sahihi. Sasa linganisha jibu lako, 3/7, na 2/3 uliyoanza nayo. Ipi ni kubwa? Ukiongeza kitu, jibu linaweza kupungua? Chora mstatili mmoja, ugawe vipande 12, upake rangi 2/3 yake, kisha 1/4. Hesabu vipande, halafu rudia swali la 2 na la 5."

Akichora ataona vipande 8 na vipande 3, jumla 11 kati ya 12. Ameuona mwenyewe ulazima wa asili, yaani namba za chini, kulingana kabla ya kujumlisha, wala hujamwandikia jibu. Maoni hayo yana sehemu tatu: anachokiweza, mahali hasa palipokatika, na kitendo cha kufanya kinachomalizika ndani ya dakika 5. Sehemu ya tatu ikikosekana, mbili za kwanza hubaki mapambo.

Kwenye insha, shida hugeuka. Makosa ni mengi mno, na daftari lililojaa wekundu humwambia mtoto kwamba hakuna hata sentensi moja iliyosimama. Chagua aina mbili tu za makosa kwa kila insha, ulizotangaza mapema. Usiyasahihishe. Weka herufi pembezoni mwa mstari wenye kosa: T kwa tahajia, U kwa upatanisho wa ngeli, A kwa alama za uandishi, M kwa mahali ambapo maana haieleweki. Mwanafunzi aliyeandika "Vitabu ile imepotea" anaona U pembeni, anaurudia mstari, na mara nyingi atafika mwenyewe kwenye "Vitabu vile vimepotea". Asipofika, weka mstari chini ya "Vitabu" mara ya pili, ajue ni neno gani linalotawala sentensi.

Na sifa? Zitolewe, tena kwa wingi, lakini ziwe za kitu alichofanya. Mueller na Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa akili, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa juhudi. "Una akili sana" inampa mtoto kitu cha kulinda. "Umejaribu njia mbili na ukaonyesha kwa nini ya kwanza haikufaa" inampa kitu cha kurudia.

Maoni yakisharudi, tenga dakika 6 darasani za kuyatekeleza. Hiki ndicho kipande kinachorukwa zaidi, na kikirukwa, kazi yote ya juu yake imepotea. Yanayoachwa yafanyiwe kazi "ukipata muda" hayafanyiwi.

Mahali pa alama: jaribio la dakika 10

Mara moja kwa wiki, toa maswali 3 yanayotoka moja kwa moja kwenye kazi za nyumbani za wiki hiyo, namba zikiwa zimebadilishwa. Dakika 10, madaftari yamefungwa. Hapa ndipo alama zinapopatikana, na hapa ndipo swali la "mwalimu, zoezi hili lina alama?" linapopata jibu la haki: "Halina, ila la Ijumaa linatoka humo."

Aliyenakili atajulikana bila wewe kumshutumu. Aliyefanya akakosea akarekebisha atapata matunda ya kukosea kwake. Zaidi ya hayo, jaribio lenyewe hufundisha: Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikishika vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena.

Ruhusu kurudia, lakini kwa masharti. Kwanza, makosa ya jaribio la awali yawe yamesahihishwa kwa maandishi, kila moja na sababu yake. Pili, zipite angalau siku 3, ili asilete alichokikariri jana. Tatu, maswali yawe mengine ya aina ileile. Alama mpya ichukue nafasi ya zamani kabisa. Usitafute wastani wa hizo mbili, kwa sababu wastani unamwadhibu kwa kuwa hakujua kabla ya kujifunza.

Shule ikidai alama kwa kila zoezi

Wapo wasio na uchaguzi. Hapo, tenganisha siku. Rudisha daftari likiwa na maoni tu, wanafunzi wayafanyie kazi, kisha kesho yake ndipo waambiwe alama. Njia nyingine nzuri ni kumtaka mwanafunzi akadirie mwenyewe alama yake baada ya kuyasoma maoni, umwonyeshe uliyoandika wewe, na mzungumze pale mlipopishana.

Tumia ngazi chache. Mwaka 1912 Starch na Elliott waliwapa walimu wengi karatasi ileile ya Kiingereza waisahihishe kwa 100. Karatasi moja ilipata kuanzia 64 hadi 98. Karatasi ni moja, wasahihishaji ni walimu wote. Tofauti kati ya 71 na 74 kwenye insha mara nyingi ipo kwenye uchovu wa msahihishaji tu. Ngazi 4 zenye maelezo ya wazi, kuanzia "hajaanza kuelewa" hadi "anaweza kumweleza mwenzake", hutosha na hukupunguzia ubishi.

Yanayoharibika mara nyingi

Wiki mbili tatu za mwanzo baada ya kuondoa alama, idadi ya wanaoleta kazi hushuka. Itarajie. Hupanda tena wanafunzi wakishaona kwa macho yao kwamba maswali ya jaribio yanatoka kwenye mazoezi, kwa hiyo jaribio la kwanza lifanyike ndani ya wiki ya kwanza, na ufanano uwe wa wazi kabisa. Mwalimu anayekata tamaa wiki ya pili na kurudisha alama anawafundisha wanafunzi kwamba kugoma kunalipa.

Madaftari matatu yakiwa na kosa moja la ajabu, neno kwa neno, usianze na adhabu. Waite mmoja mmoja, umpe kila mmoja swali lile, afanye mbele yako kwa dakika 2. Utajua nani ni chanzo na nani hajaelewa, na wasioelewa ndio unaowahitaji.

Zawadi zitumike kwa tahadhari kubwa. Lepper, Greene na Nisbett mwaka 1973 waliwaahidi watoto waliopenda kuchora cheti cha kuchora. Baadaye watoto hao walichora kidogo kuliko walivyokuwa wakichora bila ahadi. Ukimlipa mtu kwa anachokipenda, anaanza kukiona kuwa ni kibarua.

Kurudisha madaftari kwa mpangilio wa alama, wa juu kwanza, ni kosa ambalo halina utetezi. Yule wa 45 anakaa kimya akisubiri jina lake, na darasa zima linahesabu pamoja naye.

Mwisho, mwanafunzi mwenye H nne mfululizo. Mwite peke yake, si mbele ya wenzake, umwulize kwa mpangilio huu: "Jana jioni ulikuwa na nafasi ya kukaa na daftari?", "Ulipolifungua, swali la kwanza ulilielewa?", "Ungefanya lipi kati ya haya 6?" Jibu la kwanza likiwa hapana, tatizo ni muda au mahali, na dawa yake ni dakika 15 shuleni kabla ya kuondoka. La pili likiwa hapana, anahitaji kufundishwa upya, na kumwongezea kazi kutamzamisha. Yote mawili yakiwa ndiyo, mpunguzie zoezi hadi maswali 2 anayoyachagua yeye kwa wiki moja, yakaguliwe kila siku bila kukosa, kisha ongeza moja kila wiki hadi afike 6.